Mjomba Reginald na Jina la Fachtna

Mjomba wangu Reginald Chilumba alikuwa mtu wa kudharauliwa, nami nilimdharau kwa bidii kuliko wote. Nasema mapema ili msomaji asidhani namsimulia kwa mapenzi. Alikuwa kaka wa mama yangu, na kwetu Chiungutwa kaka wa mama ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Baba mzazi huulizwa maoni. Mjomba ndiye hutoa idhini. Mungu alikuwa na wajomba wengi wa kugawa, wenye akili na wenye haya, akawaangalia wote, akanipa yule.

Alizaliwa kabla ya vita vya Wajerumani. Misheni wakamsomesha hadi akajua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu. Walimpeleka chuo cha ualimu, akarudi baada ya muhula mmoja akisema hali ya hewa ya huko haikupatana na kifua chake. Hali ya hewa! Chuo kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na wingu lililowanyeshea wao ndilo lililotunyeshea sisi. Baadaye Waingereza walipoanza kufyeka msitu wa Nachingwea wapande karanga, alipata kazi ya kukaa langoni na kuandika majina ya walioingia na waliotoka. Karanga zikawashinda, Waingereza wakafunga mizigo, na Mjomba akarudi nyumbani na kofia ya chepeo pamoja na muhuri wa mpira wenye neno moja la Kiingereza, maana yake "imekaguliwa". Namna alivyoupata muhuri ule sijui, lakini hakuna aliyempa.

Tangu siku ile kila kilichopita mbele yake kiligongwa muhuri. Aligonga barua za watu aliowasomea, vyeti vya watoto wake, gunia la mtama, na Jumapili moja mkewe, Mabel, aliukuta umegongwa kwenye kanga yake ya kanisani. Mabel ndiye aliyelima. Mjomba alikaa barazani na chepeo kichwani akingoja ukarani, maana alikuwa na hakika kwamba serikali haiwezi kuendelea siku nyingi bila yeye. Debe tupu haliachi kuvuma, na letu lilianza kuvuma kabla ya kengele ya asubuhi.

Mwaka wa 1955 nilikuwa na miaka ishirini, nikifundisha wasichana wadogo kusoma na kushona katika shule ya misheni. Barnaba alikuwa mwalimu wa Chilangala, kule juu Newala. Tulijuana Masasi kwenye mkutano wa kwaya. Alinicheka kwa sababu niliimba nimefumba macho, nikamtukana, na kabla mkutano haujaisha tulikuwa tumekwisha kupatana. Baada ya mavuno akatuma mshenga.

Lakini Mjomba alikuwa amekwisha kuniahidi kwa mtu mwingine. Mtu huyo aliitwa Cecil, karani wa Boma la Newala, mjane mwenye watoto wanne na meno ya mbele yaliyokuwa yakitangulia kuingia chumbani. Cecil alimdokezea Mjomba kwamba karani wa baraza la wenyeji anastaafu, na kwamba jina la Reginald Chilumba linaweza kufika mezani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ikiwa wao wawili watakuwa jamaa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nauzwa kwa kiti na meza. Mjomba hakuniambia. Aliyeniambia ni Mabel, ambaye alikuwa amechoka kuuficha upuuzi wa mumewe.

Mshenga alikuwa mzee Basil, mtunza kanisa wa Chilangala, mtu mpole aliyevaa koti moja mwaka mzima. Alipewa kigoda, akapewa maji, akasalimia mmoja mmoja, akaeleza kilichomleta. Mama alikaa nao; mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na Mabel, tunasikia na kuchungulia yote.

"Kijana ni wa ukoo gani?" Mjomba akauliza, kwa sauti yake ya langoni.

Mzee Basil akaeleza bila kuficha. Barnaba ni mtoto wa Emilia, Emilia ni mtoto wa Theodora, na Theodora alilelewa na misheni. Alikutwa mchanga katika nyumba ambamo wakubwa wote walikuwa wamekufa kwa ndui. Hapakuwa na mtu wa kumwambia ukoo wake, basi akachukua ukoo wa mama aliyemlea. Urithi wake ulikuwa cheti cha ubatizo tu, na cheti kilisema yeye ni mtoto wa Fachtna. Mzazi wa pili hakuandikwa.

"Mtoto wa nani?"

"Ndugu yangu, hata kulitamka naogopa. Tazama mwenyewe." Mzee Basil akakitoa cheti mfukoni mwa koti, kimekunjwa mara nne.

Mjomba alikitazama kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani, tukasikia sanduku likifunguliwa, akarudi na kitabu cha sala cha Bibi Agnesi. Agnesi alikuwa mama wa bibi yetu Magdalena. Alikombolewa utotoni kutoka msafara wa watumwa, yeye na mdogo wake, wakawekwa misheni kule Newala. Yeye akachukuliwa na familia iliyoshuka kuja kukaa upande wetu, mdogo akabaki juu. Agnesi alikufa Bibi Magdalena akiwa bado ananyonya, kwa hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyepata kumsikia akisimulia. Aliacha kitabu kile, na ukurasa wa nyuma ameandika kwa wino uliogeuka rangi ya kutu: *Mimi Agnesi, na ndugu yangu Fachtna, mama yetu mmoja.*

Herufi za katikati zilitushinda wote. Mama alisoma Fakitina, Mabel akaitwa, akasoma Fachitina, na mzee Basil akasema asingeshangaa kuambiwa ni ugonjwa. Lakini ukiweka kitabu na cheti sambamba, herufi kwa herufi lilikuwa jina lile lile, na mlima mzima wa Wamakonde usingekuwa na watu wawili waliopatwa na balaa la jina kama hilo.

Mtu wa pwani akisoma hapa atauliza, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba kwetu ukoo hupita kwa mama. Kama Fachtna alikuwa mwanamume, basi binti yake Theodora alikuwa wa ukoo wa mkewe, na vitukuu wa kaka na vitukuu wa dada wanaoana. Wazee hata huipenda ndoa hiyo. Kama Fachtna alikuwa mwanamke, basi yeye na Agnesi ni dada wawili, na wote waliotoka matumboni mwao ni ukoo mmoja hadi mwisho wa dunia. Barnaba angekuwa kaka yangu. Hapo ndoa hakuna, kuna aibu tu, na wazee husema watoto wa ndoa hiyo hawakai, hufa wangali wadogo.

Mjomba akavua chepeo, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye maziko.

"Mwanamke huyu," akasema. "Fachtna ni mwanamke. Sikilizeni majina: Paulina mwenyewe anayeposwa, Emilia, Magdalena, Theodora, Isabela. Yote yanaishia namna moja, na yote ni wanawake. Hili nalo ni hilo hilo. Posa imekufa."

"Na Barnaba je?" akauliza mama yangu, Isabela, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. "Naye ni mwanamke?"

Mzee Basil akakohoa ndani ya mkono wake.

"Barnaba ni jina la Maandiko!" Mjomba akafoka. "Dada, usilete mzaha katika mambo ya ukoo." Kisha, mbele ya mgeni, akachukua muhuri, akaupulizia pumzi, akagonga ukurasa ule wa marehemu bibi yake. Imekaguliwa. Nilitamani kutoka nyuma ya ukuta nikamgonge yeye.

Alikuwa hana ushahidi hata wa kumtosha mbuzi. Alichoona ni kiti cha baraza, na kati yake na kiti amesimama mwalimu wa Chilangala. Angeambiwa kwamba kumgeuza Mtume Petro kuwa shangazi kutampa ukarani, angemvika Petro kitambaa siku hiyo hiyo. Usiku sikulala, nililia kwa hasira, maana nilimtaka Barnaba kwa roho yangu yote na sikuwa na njia nyingine. Kuolewa bila idhini ya mjomba ni sawa na kuolewa bila mlango wa kurudia nyumbani.

Mama ndiye aliyesema twende Newala, kwenye daftari la ubatizo. Mjomba akakubali upesi, kwa kuwa alipenda safari zenye karatasi. Tulipanda lori la mazao, yeye amekaa mbele na dereva, mimi na mama juu ya magunia ya mihogo. Kule tukapokewa na Padre Bartholomayo, mtu wa huko huko mlimani, mnene, wa taratibu, aliyezoea kusuluhisha watu wazima kama watoto.

"Kanisa halikatazi vitukuu kuoana," alisema baada ya kutusikiliza. "Lakini mimi nimezaliwa hapa. Siwezi kuwafungisha watu ambao wazee wao wanasema ni ndugu wa tumbo moja. Tupate ukweli kwanza, halafu tutangaze."

Daftari lilitolewa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, nalo lilikuwa kubwa, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Akapata ukurasa. Siku ile walibatizwa watoto kumi na wawili kwa pamoja, wote waliokombolewa, na Fachtna alikuwa wa saba. Padre akausoma mstari wote kwa sauti: jina, umri wa kama miaka mitano, wadhamini watatu wa ubatizo, na mwisho jina la wafadhili, watu wa mtaa fulani wa kanisa huko Irelandi. Kama ni wa kiume au wa kike haikuandikwa. Aliyeandika alikuwa amemwona mtoto kwa macho yake, akadhani na sisi tutamwona.

"Irelandi," akasema Padre. "Basi tunaye mtu."

Mtu huyo alikuwa Sista Dorothy, muuguzi wa hospitali ya misheni. Alikuja na aproni yake, mikono inanuka dawa, akainama juu ya daftari, na mara akaanza kucheka peke yake. Akalitamka lile jina kwa namna ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza, kama mtu anayetoa mfupa wa samaki kooni kwa adabu.

"Jina hili ni la kwetu kabisa," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Askofu mtakatifu wa zamani sana. Mjomba wangu mimi ameitwa hivi."

"Mwanamume?" mama akauliza.

"Mwanamume, na ndevu."

Mjomba alikuwa amesimama, chepeo amelibana kwapani. "Sista, samahani. Hata mwanamke mmoja? Hata kwa bahati mbaya?"

"Bwana Reginald, hiyo ni kama kumwita mwanamke Bartholomayo."

Padre akacheka hadi tumbo likagonga meza. Mama akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikimtazama Mjomba machoni, na nikaona shingo yake inalegea ndani ya kola. Alitoa idhini pale pale, kwa sauti ndogo. Wakati wa kurudi alikataa kukaa mbele na dereva, akapanda nyuma kwenye magunia na kugeukia njia tuliyotoka.

Ningeweza kumwachia hapo. Sikumwachia. Tulipofika Chiungutwa niliwasimulia wanawake kisimani, nikaigiza na sauti yake, na mimi ndiye niliyembandika jina la Bibi Fachtna. Lilishika siku hiyo hiyo. "Shikamoo, Bibi Fachtna," watoto walimwamkia wakiwa mbali kiasi cha kuweza kukimbia. Wanaume wa kilabuni walimuuliza mimba ya mwezi wa ngapi. Cecil alipopata habari kwamba jamaa yake mtarajiwa amekuwa kichekesho cha wilaya mbili, alioa kwingine, na ukarani wa baraza ukachukuliwa na mtu wa Nanganga. Mjomba akaacha kuvaa chepeo. Nikasema vizuri sana, na akome.

Mfa maji haishi kutapatapa. Kwa majuma kadhaa aliendelea kumshika huyu na yule mkono na kumwambia, "Hata hivyo, moyo wangu unakataa. Lisemwalo lipo." Watu waliitikia, "Ndiyo, Bibi," wakapita. Hatimaye akanyamaza.

Tukatangazwa kanisani mara ya kwanza, na mara ya pili. Kabla ya tangazo la tatu nilikwenda Newala kwa mafundisho ya ndoa, nikafikia kwa Emilia, mama yake Barnaba, aliyenipokea kama binti na kunipa kitanda chake. Padre Bartholomayo alitufundisha asubuhi tatu. Asubuhi ya mwisho ilikuwa juu ya watoto tutakaowazaa na ubatizo wao.

"Wadhamini ni watatu," alisema. "Mtoto wa kiume, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Mtoto wa kike, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Siku hizi mnaniletea shangazi sita kwa mtoto mmoja, nami sitaki. Wale wazungu wa kwanza hawakuvunja kanuni hiyo hata mara moja, hata walipobatiza kundi."

Barnaba aliitikia ndiyo, Padre, akiwaza mambo yake. Mimi nikakumbuka wale wadhamini watatu aliotusomea kutoka daftarini.

Jua lilikuwa kali, Barnaba akaenda kumsaidia mzee Basil, aliyeitwa kutoka Chilangala, kupaka chokaa ukuta wa kanisa. Nikamwomba Padre aniruhusu kuliona tena jina la mzee wetu, kwa sababu ya heshima. Akanipa ufunguo wa sakristia bila kuuliza. Nililifungua daftari kwenye meza ya mavazi, nikatafuta ukurasa, nikaweka kidole kwenye mstari wa saba.

Wadhamini wa Fachtna: Agatha, Hilda, Yohana.

Nikapanda juu, mstari wa kwanza. Mtoto aliitwa Petro: Yohana, Daudi, Agatha. Wa pili Rebeka: Agatha, Hilda, Daudi. Nikashuka mstari kwa mstari hadi wa kumi na mbili, nikafungua ukurasa uliotangulia, na uliofuata, nikahesabu watoto hamsini na zaidi. Kila wa kiume, wanaume wawili. Kila wa kike, wanawake wawili. Hakuna pengo. Nikaurudia mstari wa saba nikitumaini kwamba majina yatakuwa yamebadilika. Agatha, Hilda, Yohana.

Nilimkuta Padre barazani kwake anamenya chungwa. Nikamuuliza, kana kwamba napitisha muda tu, watoto wale walipataje majina ya ajabu namna ile.

"Wafadhili ndio waliochagua," alisema. "Watu wa mbali walichanga kwa ajili ya mtoto mmoja, wakaandika jina wanalolipenda, orodha ikaja kwa meli. Hawakujua atakuwa nani. Mtoto aliyefika zamu akapewa jina lililofika zamu. Kulikuwa na msichana mmoja hapa, marehemu babu yangu alinisimulia, aliitwa Ambrosi mpaka anazeeka." Akanipa kipande cha chungwa. "Umeliona jina?"

"Nimeliona, Padre. Limeandikwa vizuri."

Akaupokea ufunguo akautia mfukoni.

Fachtna alikuwa msichana. Mjomba Reginald, kwa hoja ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeona haya kuitoa, kwa tamaa ya kiti na meza, alikuwa amesema kweli. Sista Dorothy, kwa elimu yake yote na mjomba wake mwenye ndevu, alikosea. Na mimi, niliyejiona mwenye akili kuliko ukoo mzima, ndiye mtu pekee chini ya mbingu aliyejua.

Nilitembea kuzunguka kanisa. Barnaba alikuwa juu ya ngazi, chokaa imemdondokea kwenye nyusi, anaimba ule wimbo alionichekea Masasi. Aliniona akanipungia ufagio wa chokaa. Nilijua kwamba nikitamka neno moja atashuka ngazi ile akiwa kaka yangu. Angelikubali, tena upesi, maana alikuwa mtu wa haki. Angelia, angenipeleka hadi kituo cha lori, na angeoa mwingine. Nikampungia mkono na mimi. Jumapili tukatangazwa mara ya tatu, Padre akauliza kama yuko mwenye kujua kizuizi, na nikiwa kwenye benchi la tatu nimevaa gauni jeupe lenye kola nikanyamaza pamoja na kanisa zima.

Siku ya harusi Mjomba alitimiza wajibu wake. Alinishika mkono kuniingiza kanisani, nguo imefuliwa vizuri, hana chepeo, na nyuma kabisa mtu akanong'ona "Bibi Fachtna anamtoa mwari," kicheko kikapita benchi hadi benchi. Sikugeuka kumtazama aliyenong'ona, na sikumtazama Mjomba.

Tuliishi Chilangala, tukapanda mikorosho nyuma ya nyumba ya mwalimu, tukazaa watoto watatu. Wote walikaa. Lakini hakuna ajuaye jinsi nilivyohesabu pumzi zao kila walipopata homa, na jinsi nilivyomchukia Mjomba kila homa ilipopanda, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika mstari ule. Kumdharau mtu mpumbavu ni rahisi, na kunaburudisha. Mpumbavu aliyesema kweli huwezi kumsamehe maishani mwako. Nilipokwenda kwetu kusalimia nilimkuta barazani anasokota kamba za mkonge, hana muhuri, hana maneno, wapita njia wakimwamkia kwa jina nililompa, naye akiitikia "marahaba". Aliitikia! Nikasema moyoni, tazama, hana hata hasira ya kiume. Hivyo ndivyo nilivyojisaidia kulala.

Mwaka wa 1960, mwezi wa pili, Mabel alituma mtu kwa baiskeli kwamba Mjomba ni mgonjwa na anamtaja Paulina. Tulishuka wote, mimi, Barnaba na watoto. Tulimkuta kitandani, amekwisha hadi mifupa ya mabega inahesabika, tumbo limejaa maji. Watoto wakaamkia, "Shikamoo, Babu," akaitikia na kuwagusa vichwa mmoja baada ya mwingine, akisema wamependeza. Barnaba akamwamkia, akasimama mlangoni amembeba mdogo. Mama na Mabel walikuwa wamekaa mkekani.

"Mwanangu Paulina, sogea," Mjomba akasema. "Nina neno, na nataka hawa walisikie."

Nikasogea.

"Lile jina. Mimi nilitaka kiti cha karani. Nikamchukua marehemu, mtu wa watu, nikamfanya mwanamke ili nikipate. Nilijua sijui, nikasema najua. Sista akanisahihisha mbele ya watu, na nilistahili. Wamenicheka miaka mitano, na wananicheka kwa haki, silalamiki." Akapumzika. Mabel akampangusa mdomo. "Lakini nilikuwa nakunyang'anya mume wako. Ningewanyang'anya hawa watoto uhai. Hilo linanikaa hapa kifuani, na nikifa nalo nitakwenda nalo kwa Mungu. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Nilimtazama mama, akaniashiria kwa kichwa nijibu, mgonjwa asingojeshwe. Nilimtazama Barnaba pale mlangoni, machozi yamemlenga kwa huruma, mtoto amelala begani kwake. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Naukumbuka uzito wake hata leo.

"Nimekusamehe, Mjomba," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.